Jumatano Iliyoandikwa Kwangu

Mimi shule nilikaa miaka mitatu, na mmoja kati ya hiyo nilikuwa naumwa macho. Kwa hiyo mkiona hapa maneno yamesimama kwenye mstari, jueni binti yangu ameyapitia. Nimemwambia anyooshe herufi tu, mambo yenyewe ayaache yalivyo, hata yale ya kumuudhi mama yake. Akacheka. Akasema, "Baba, haya yatamuudhi kila mtu." Sawa. Kuudhi watu nimeshazoea.

Habari yenyewe ni ya kalenda. Si ile ya ukutani. Ya ukutani ninayo pia, nilipewa kwenye duka la dawa za mifugo, ina picha ya ng'ombe aliyenona kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona Busoga, na mwaka wake umeshapita lakini siitoi kwa sababu ya huyo ng'ombe. Nasema ile ya ndani ya simu. Ile ilikaribia kunifungia mlango wa Mbale nikiwa nje.

Nina wake wawili. Bi mkubwa yuko Jinja mjini, nyuma ya yale maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, ua ambao ukipita na baiskeli lazima ushuke. Yeye ni Msoga kama mimi. Bi mdogo yuko Mbale, upande wa viwanda, nyumba iko nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Ukikaa kibarazani kwake tangu asubuhi, ikifika saa nane nyusi zako ni nyeupe. Zangu zilikuwa nyeupe tayari, kwa hiyo sikupoteza kitu.

Nilikuwa dereva wa malori. Mombasa, Malaba, Jinja, Kampala, na kurudi, tangu ndevu hazijaota mpaka zilipobadilika rangi. Watu husema dereva huoa miji miwili kwa tamaa. Sikatai, tamaa ilikuwapo. Lakini pia mimi siwezi kukaa. Hiyo ndiyo kasoro yangu, na mama yangu aliijua kabla sijajua kusema. Nikikaa mahali siku ya kwanza niko sawa, siku ya pili nahesabu mabati ya jirani, siku ya tatu magoti yanaanza kucheza yenyewe. Bi mkubwa huyawekea mkono juu, kama mtu anayemshika kuku.

Nilipoacha kuendesha nilikwenda kwa sheikh aniambie namna ya kugawa siku, maana sasa sikuwa na safari ya kusingizia. Akasema gawa sawa. Nikamwambia, sheikh, wiki ina siku saba, saba kwa mbili nagawaje? Akafikiri akasema, tatu kwa tatu, ya saba ni ya njia. Basi ikawa hivyo. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi Mbale. Jumapili, Jumatatu na Jumanne Jinja. Jumatano ni ya njia.

Lakini njia ya Jinja kwenda Mbale haili siku nzima. Unapita Iganga, unaingia barabara ya Tirinyi, unaona mpunga, unaona mpunga tena, na kabla hujachoka kuuona mlima Wanale umeshasimama mbele yako. Ni nusu ya asubuhi. Bi mkubwa alijua naondoka Jumatano asubuhi, na kweli nilikuwa naondoka. Bi mdogo alijua nafika Alhamisi asubuhi, na kweli nilikuwa nafika. Hakuna hata mmoja niliyemdanganya kwa mdomo. Katikati palikuwa na siku nzima isiyo na mwenyewe. Nikaichukua.

Nawaambia sasa hivi nilikokuwa nakwenda, msije mkafikiri mambo ya wanawake kama walivyofikiri wengine. Nilikuwa nakwenda Bugembe. Ndiyo, Bugembe, hapo hapo nje ya Jinja, ukipiga kelele sana bi mkubwa anasikia. Niliiba karibu kwa sababu bi mkubwa haendi Bugembe. Dada yake anakaa huko, na hao wawili hawajasemezana tangu harusi fulani ambayo dada mtu alivaa gauni la gomesi la rangi ile ile ya mwenzake, na kila mmoja anasema yeye ndiye aliyenunua kwanza.

Pale Bugembe kando ya barabara kuu yuko mziba pancha, mzee mwenzangu, tulianza pamoja utandiboi, ile kazi ya kumsaidia dereva. Lori langu la mwisho lilipochoka, tajiri aliliuza kama chuma chakavu, na huyu rafiki yangu akaenda akang'oa kiti cha dereva kabla hawajalikata. Akakiweka juu ya tairi mbili, chini ya kipande cha bati mbele ya kibanda chake, kikitazama barabara. Ngozi yake imepasuka pale pale paja langu lilipokuwa linasugua. Nilipokikalia mara ya kwanza nilinyamaza mpaka rafiki yangu akauliza kama nimekufa.

Basi Jumatano zangu zilikuwa hizo. Nakaa kwenye kiti. Matrela yanapita kutoka Malaba, madereva wengi ni Wakenya, wakisimama kuziba tairi wananipa habari za njia: wapi pana mawe, wapi kuna mizani, nani kaanguka, nani kaoa. Nami nawapa uongo wangu wa zamani. Lori likipanda kale kamwinuko miguu yangu inakanyaga klachi ambayo haipo. Jioni ananipa chai na chapati, nalala kwenye kitanda chake cha nyuma, alfajiri nadandia gari la Mbale. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna aliyeniambia paa linavuja.

Sasa kalenda. Mwaka jana kulitokea msiba Jinja, zamu zikapinduka, nikazirudisha vibaya kichwani. Bi mdogo alikuwa amewaita kaka zake wawili Mbale tuzungumze posa ya mpwa wao. Akapika pilau. Kaka zake wakaja na kanzu zimepigwa pasi. Mimi nilikuwa Jinja, nimelala, naamini kabisa zamu bado ni ya Jinja. Aliponipigia hakupayuka. Alisema, "Wamekula. Wameuliza uko wapi. Nimewaambia sijui. Mwanamke mzima, naulizwa mume wangu yuko wapi, nasema sijui." Akakata.

Nilipokwenda kuomba msamaha akasema hataki ahadi tena, ahadi zangu anazo kabati zima. Anataka siku zangu ziandikwe, na yeye azione.

Binti yangu wa mwisho, huyu anayeninyooshea herufi, ni mtoto wa bi mkubwa, ana duka la steshenari kule Jinja mjini, anapiga chapa na fotokopi. Yeye ndiye aliyenipangia kalenda kwenye simu. Siku za Jinja akazipaka kijani, za Mbale nyekundu. Akanifundisha kuandika mwenyewe. Nilitumia wiki mbili kujua kidole kiguse wapi, maana vidole vya usukani vinagusa herufi tatu kwa mpigo. Nilipojua, nikafanya kitu nilichojivunia. Nikaenda kwenye Jumatano, nikaipaka manjano, nikaandika neno moja: Kwangu. Nikaiambia simu irudie kila wiki mpaka mwaka uishe.

Hapa lazima niseme juu ya Kiswahili, msiniharakishe. Kwetu Kiswahili hakikupendwa. Baba yangu alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, miaka ile ya wanajeshi, toa kitambulisho, lala chini, na mpaka anaingia kaburini mtu akimwambia "habari" mkono ulikwenda mfukoni kutafuta karatasi. Bi mkubwa naye vivyo hivyo. Nikimsemesha Kiswahili anajibu, "Ndiyo, afande." Mimi nilikiokota barabarani, kipande Voi, kipande Mlolongo, kipande Malaba, na nilivyokiokota ndivyo nilivyokiweka.

Bi mdogo ni tofauti. Amezaliwa Mbale lakini baba yake alitoka Mombasa na biashara ya vitambaa, na kwao Kiswahili kilikuwa cha kulia chakula na cha kumwomba Mungu. Miaka yote ya ndoa ananisahihisha. Nikisema "kiti yangu," anasema "changu," bila kuinua macho kwenye kitambaa anachofuma, kama mtu anayepiga chafya. Nikisema "viatu yangu," anasema "vyangu." Zamani nilikasirika. Baadaye nikawa sisikii, kama usivyosikia kinu ukishakaa nacho mwezi.

Mimi nilipoandika Kwangu nilitaka kusema siku hii ni ya mimi. Siku kwangu. Kwa Kiswahili changu cha barabarani ilikuwa sawa kabisa.

Basi bi mdogo akataka kalenda. Nikamwambia binti, mtumie mama yako mdogo siku zake. Binti akatoa nakala, akaituma kwa simu, kule Mbale bi mdogo akaigusa mara moja tu na siku zangu zote zikaingia kwenye simu yake. Zote. Mimi nilidhani rangi ni kama vyumba, kila mtu na mlango wake, yeye ataona nyekundu na basi. Sikuuliza. Mtu asiyesoma huona aibu kuuliza, halafu huona aibu kubwa zaidi.

Alhamisi iliyofuata nilifika Mbale nikiwa na samaki wa Jinja kwenye gazeti. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele. Akaitikia salamu. Hakupokea samaki.

"Kwangu wapi?" akauliza.

"Kwangu wapi, nini?"

"Nakuuliza wewe. Kila Jumatano umeandika Kwangu, mpaka mwisho wa mwaka. Hapa ni kwangu mimi. Mwenzangu Jinja ana kwake. Wewe kwako ni wapi?"

Samaki alikuwa anavuja maji kwenye viatu. Ningeweza kusema. Lilikuwa neno moja tu, Bugembe. Lakini nilipolifikiria lilionekana jambo la kipumbavu, mzee mzima anakimbia nyumba mbili akakalie kiti cha lori, nikaona afadhali uongo.

"Hiyo ni kosa ya simu," nikasema.

Kosa ya simu. Nikangoja aseme "la." Hakusema. Akaendelea kuokota mawe kwenye mchele. Ndipo nilipoogopa.

Nikaenda chooni na simu. Nikafuta Jumatano zote, moja moja, na kuku wa jirani ananitazama kwenye ufa wa mlango. Nikarudi nikampa. "Tazama mwenyewe. Hakuna kitu."

Akatazama. Akaiweka yangu chini, akachukua yake kwenye mkunjo wa leso, akazilaza pamoja juu ya ungo, simu mbili kwenye mchele. Kwangu Jumatano ilikuwa nyeupe. Kwake ilikuwa manjano kama kiini cha yai.

"Huko umefuta," akasema. "Huku mbona ipo?"

Sikujua hata mimi mbona ipo.

"Alhamisi ijayo kaka zangu watakuwa hapa," akasema. "Uje na jina lake, na anakokaa. Ndoa haikukatazwa, mume wangu, unaijua dini. Kilichokatazwa ni uongo. Ukiwa huna jina la kusema, usije. Vitu vyako nitavipakia kwenye gari la Jinja, utavipokea stendi."

Nilikaa siku tatu zile maana zilikuwa haki yake na yangu. Alinipikia. Alinipa maji ya kuoga. Lakini hakunisahihisha. Nilijaribu makusudi. Nikasema "kisu yako haikati." Kimya. Nikasema "viazi hii tamu sana." Akasema ahsante. Nikasema kitu ambacho hata punda wa Malaba angekisahihisha, nikasema "mlango yangu." Akaniangalia, akatoka nje. Kinu kilikuwa kimezimwa, umeme umekatika, na ule ukimya wote wa nyumba ukaniingia magotini. Usinisahihishe siku moja, sawa. Siku tatu? Mtu anayeacha kusahihisha ameacha shamba.

Jumapili nilishuka Jinja nikaenda moja kwa moja dukani kwa binti. Nikamwambia, ile kalenda nimefuta, mbona mama yako mdogo bado anayo?

"Umefuta nini, baba?"

"Usiniulize nimefuta nini."

Akachukua karatasi tupu, akaandika neno "ng'ombe," akaipitisha kwenye mashine, ikatoka ya pili. Kisha akachukua ile ya kwanza akalikata lile neno kwa kalamu. Akazishika zote mbili mbele ya uso wangu. "Hii uliyokata, na hii nyingine. Hii nyingine inajua kwamba umekata?"

"Haijui."

"Basi. Ulimpa nakala. Hukumpa yenyewe. Angekuwa na yenyewe, ukifuta huku, na kule inafutika. Nakala inakaa na yale uliyosema siku ile."

Nikamwambia angenieleza hivyo tangu mwanzo. Akasema, "Ulikuwa na haraka, baba. Ulisimama mlangoni na mguu mmoja nje." Kweli. Mimi huwa nasimama hivyo.

Halafu akauliza polepole, "Kwangu ni nani?"

Hata yeye. Nikaondoka.

Nyumbani bi mkubwa akaja kunisalimu akapiga goti kama desturi yetu. Huyu mwanamke amenitukana maisha yake yote akiwa amepiga goti, ndiyo maana watu wa nje wanafikiri tunapendana kimya kimya. Akasema kwa Lusoga, kichwa kimeinama kwa heshima zote, "Karibu ssebo, naona umekonda. Wamekukamata?"

"Nani kanikamata?"

"Huyo mdogo wangu wa Mbale. Binti amenipigia. Anasema una mwanamke."

"Sina mwanamke."

"Najua huna. Nani akuchukue? Una kiti."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akainuka, akajikung'uta goti, akasema alijua tangu mwaka juzi. Dada yake aliniona pale Bugembe Jumatano ya kwanza kabisa. Nikasema hamsemezani. Akasema hawasemezani, ndiyo, dada anampigia binti, binti anamwambia mama, na mama anajibu kwa njia hiyo hiyo. Kumbe binti naye aliambiwa "mzee kaonekana Bugembe" tu; kiti mama alikiona mwenyewe siku moja akipita na gari la Iganga. Na mimi hapo nilikuwa nakumbuka namna nilivyokuwa napita vichochoroni na kofia imevutwa mpaka puani.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa unarudi."

Akaenda kupuliza moto. Mimi nikabaki nimesimama uani. Mtu akikuficha kwamba anakujua, sijui kama ni wema au ni adhabu. Bado naliwaza hilo.

Jumanne nikampigia bi mdogo. Aliacha simu iite mpaka mwisho, mara mbili. Ya tatu akapokea bila kusema. Nikamwambia, "Kesho panda gari uje Bugembe. Mwambie dereva akushushe kwa mziba pancha mwenye tairi iliyopakwa nyeupe. Nitakuonyesha kwangu."

Akauliza, "Nije na kaka zangu?"

"Njoo na unayetaka."

Alikuja peke yake, buibui jeusi, mkoba umebanwa kwapani, saa nne na kitu. Mimi nilikuwa nimefika tangu alfajiri, nimekaa, nimesimama, nimeenda kununua maji ambayo sikunywa. Alivuka barabara bila kunitazama, matrela yakimpigia honi. Akasimama mbele ya kibanda. Akatazama ndani, kwenye kitanda cha nyuma. Akamtazama rafiki yangu ambaye mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kiwiko na meno mawili hayapo.

"Ni huyu?" akaniuliza.

Rafiki yangu akasema, "Shemeji, mimi nimeshaolewa na tairi."

Hakucheka. Nikamwonyesha kiti. Nikamwambia yote, tena haraka haraka, kama mtu anayetapika: lori, chuma chakavu, ngozi iliyopasuka, Jumatano, klachi, kwamba Jinja ni kwa bi mkubwa na Mbale ni kwake yeye, kwamba nikiingia kila nyumba naonyeshwa pa kukaa, na hapa hakuna anayenionyesha. Nikasema, "Hii ndiyo kiti yangu."

Alikuwa anakiangalia. Midomo yake ilisogea kidogo, nikadhani sasa. Neno halikutoka.

Kulikuwa na dereva Mkenya anayesubiri tairi lake, kijeba mmoja wa kule Eldoret, msalaba shingoni, soda mkononi. Akainuka kwa adabu. "Shikamoo mama. Wewe ndiye wa Mbale?"

"Marahaba. Unanijuaje?"

"Mzee anatuambia. Kwamba yuko na mama Mbale anamsahihishanga Kiswahili kama mwalimu. Akikosea hapa anajisahihisha mwenyewe, eti 'changu, changu,' halafu anacheka peke yake. Sisi tunadhani ni uzee."

Rafiki yangu akasema, "Ni kweli, shemeji. Anaumwa ugonjwa huo."

Sikujua kwamba nafanya hivyo. Naapa sikujua.

Bi mdogo akakifuta kiti kwa ncha ya leso, akakaa. Mimi nikasimama. Akashika mahali ambapo usukani ungekuwa, kidogo tu, halafu akaona aibu akaweka mikono kwenye mkoba. Trela likapita, bati likatikisika.

"Afadhali angekuwa mwanamke," akasema mwisho. Hasira ilikuwepo bado, ilikuwa imekosa pa kukaa. "Mwanamke ningejua la kumfanya. Ningekwenda kwake, ningemwona, ningesema ni mbaya. Kiti nikifanyeje? Kaka zangu kesho niwaambie nini? Mume wangu ananikimbia, anakwenda kukaa?"

"Waambie nilisema uongo. Waambie nina kiti. Hii yangu ni..."

"Hiki," akasema. "Ni hiki, ndicho, changu. Mungu wangu, mzee, miaka yote hiyo!"

Rafiki yangu aliinama kwenye tairi lake kama mtu aliyeona msikiti. Mimi niligeuka nikatazama miwa ng'ambo ya barabara, nikaitazama kwa muda mrefu, kwa sababu macho yangu, niliwaambia, tangu shule yalikuwa mabovu.

Kesho yake nilikwenda Mbale, kaka zake walikuwepo na kanzu zao. Nikasema mbele yao nilisema uongo, tena mara mbili, mara moja kwa mdomo na mara moja chooni. Kaka mkubwa aliuliza kiti ni cha lori la aina gani. Nilipomwambia akasema lori lile lilikuwa na kiti kizuri kweli. Pilau ikaletwa.

Bi mdogo alitoa sharti moja. Nakala ameshaishika, hataitaka tena. Anataka yenyewe. Binti akafanya hivyo, akawapa wote wawili, Mbale na Jinja, na idhini ya kuandika humo. Wiki haikuisha, Jumatano ikarudi manjano, lakini neno langu halipo. Mtu ameandika "Siku yake." Ngeli imekaa sawa, kwa hiyo namjua ni nani. Bi mkubwa naye akaongeza chini, kwa Lusoga, kwamba nisisahau kununua sabuni.

Mngedhani sasa nimetulia. Hata. Siku ikishaandikwa na watu wawili haikaliki vile vile. Nipo kwenye kiti, simu inalia, bi mdogo anauliza leo yamepita matrela mangapi. Simu inalia, bi mkubwa anauliza sabuni. Dada mtu wa Bugembe sasa anakuja wazi wazi na stuli yake, anakaa pembeni yangu, anasema habari ya gomesi. Magoti yakaanza. Pale pale kwenye kiti changu, magoti yakaanza.

Jumatano iliyopita niliinuka kabla ya adhuhuri. Sikumuaga hata rafiki yangu vizuri. Gari la Iganga, la Mbale, mpunga, mpunga, mlima. Nilibisha hodi kwa bi mdogo jua likiwa juu na unga wa kinu unaelea uani. Akafungua nusu ya mlango. Alikuwa na uzi wa kufuma shingoni, hakunitarajia, nikaona anafanya hesabu kichwani.

"Leo si siku yangu," akasema.

"Najua. Ni siku kwangu."

"Yangu," akasema.

Nikasimama pale kizingitini, mguu mmoja nje, namtazama, sijui kama alikuwa ananisahihisha au alikuwa anaichukua. Alirudi ndani kwenye ufumaji wake, mlango akauacha ulivyo. Nikavua viatu vyangu.